Mistari Mitano Kuhusu Mlango Uliofungwa

Mwalimu mpya wa fasihi hakuogopa panya wala giza. Aliogopa darasa lake. Akiuliza swali, wanafunzi walimtazama kama abiria walioachwa na gari, na kilichosikika ni feni tu.

Mkuu wa shule alishamwonya: leo angekuja kukaa nyuma, na akikuta ububu uleule, darasa angempa Kaka Redio, mwalimu wa chumba cha pili anayeongea kipindi kizima bila kumeza mate. Yeye mgeni angefungasha virago.

Ndiyo maana jana aliwapa hadithi ya kijana aliyemfungia mlango baba yake, baba aliyeitelekeza familia kisha akarudi uzeeni. Waisome, waandike mistari mitano: unaonaje, na kwa nini. Mtu akishaandika, aliwaza, hatakosa la kusema.

Leo alizikusanya karatasi mlangoni, akaanza kuzipitia. Ya kwanza: "Kijana alikosea, mzazi hafungiwi mlango." Ya pili, vilevile. Ya tatu ilifanana nazo hadi nukta. Darasa zima lilikuwa limenakili kwa Profesa, binti wa dawati la mbele. Wakikubaliana wote, watajadili nini?

Mkuu akaingia, akaketi, akatoa kalamu.

Mwalimu alizirudisha karatasi. "Geuzeni," alisema. "Nyuma andikeni mstari mmoja: kitu gani hapo mbele hukiamini. Na usichungulie kwa jirani, jirani mwenyewe hajui."

Wachache walicheka. Kalamu zikatembea, lakini hakuna aliyejitolea kusoma. Mkuu akatazama saa. Mwalimu akamwita Mlingoti, kijana mrefu wa nyuma ambaye muhula mzima alifungua mdomo kupiga miayo tu.

Mlingoti alisoma bila kuinua uso. "Mimi ningemfungia. Na ufunguo ningetupa."

"We Mlingoti, si baba yako huyo?" Profesa alidakia, akigeuka na kiti chake.

"Baba wa wapi? Ulimwona akileta hata chumvi?"

Basi darasa likawaka. Mwalimu aligawa zamu kwa kidole, sasa akihofia wasije wakashikana mashati. Alipothubutu kutazama nyuma, mkuu alikuwa amenyoosha mkono.

"Mwalimu, lakini yule baba si alikuwa mgonjwa?"

"Subiri zamu yako," alimjibu, kisha akagundua amemwambia nani.

Mkuu alishusha mkono, akasubiri.