Maombi wa Meno

Maombi hakuwa mzuri wa sura. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, wanavyomsimulia utadhani alishuka na malaika. Alikuwa mfupi, anaongea puani, na wali wake uliungua kila siku. Alifika kambini mwaka 2009 kutoka Uvira, Kongo, mjane asiye na mtoto, na begi moja. Kwao alikuwa amefanya kazi miaka minane kwa daktari wa meno: kuchemsha vyombo, kushika taa, kufuta mate ya watu. Basi. Hakusomea kitu.

Mimi nilikuwa pale tangu 2003. Natoka Bukavu, nina cherehani yangu, na kabla ya Maombi kila mwenye jino bovu alikuja kwangu. Nilikuwa na karafuu, chumvi na maji ya moto, na uzi mgumu wa jinzi kwa meno ya watoto yaliyolegea. Watu walikuwa wakiondoka wanasema, "Aksanti sana, Mama Kelly." Maneno hayo yalinishibisha.

Maombi hajamaliza miezi miwili kambini, Ezechiel fundi viatu akavimba shavu mpaka jicho likafunga. Nikampa karafuu. Maombi akapita, akamtazama, akasema hilo si la karafuu, usaha huo unaweza kumuua, aende hospitali leo leo. Akaenda, akalazwa, akapona. Tangu siku hiyo mlangoni kwangu hawakuja tena ila wa kushonewa. Nilimwonea wivu, kwa nini nifiche? Nikimwona anacheka na watu wangu, chakula hakipiti.

Mchungaji naye akampa robo saa kila Jumapili baada ya ibada, afundishe mambo ya meno. Mimi nilikuwa nakunja kitenge changu na kutoka kabla hajafungua mdomo, tena kwa kishindo. Binti yangu Kelly alikuwa anabaki na wenzake wa kwaya. Nyumbani nilikataza jina lile lisitajwe.

Mwaka 2013 Kelly alikuwa na miaka kumi na miwili. Akaanguka kutoka kwenye kabaza, zile baiskeli za abiria, mbele ya soko. Jino la juu, la mbele kabisa, likatoka zima na mzizi wake. Alifika nyumbani amejaa damu, jino kiganjani. Jirani yangu Mulenda akapiga kelele, "Muite Maombi! Iko pale ku bomba!"

"Asiitwe mtu," nikamjibu. "Mi njo mama yake."

Nikalisugua jino lile kwa sabuni na majivu mpaka mzizi ukang'aa. Halafu nikafanya tunavyofanya sisi wakimbizi kwa kila kitu cha thamani. Karatasi zetu, picha za marehemu wetu, vyote tunavifuta, tunavikausha, tunavifunga visiguswe na unyevu. Hivyo ndivyo tulivyovuka navyo mipaka. Nikalianika juani huku nabadili nguo, nisije nikaingia hospitali ya mjini na gauni la kushonea. Kisha nikalifunga kwenye kipande cha satini kilichobaki kwenye nguo ya bibi arusi. Kelly alikuwa ananitazama, kitambaa mdomoni. Mara moja alinyoosha mkono kama anataka kulichukua. Nikamwambia atulie.

Tulifika Lilongwe saa mbili zimepita tangu aanguke. Daktari, kijana wa Kimalawi, alifungua satini yangu, akatikisa kichwa. Akanieleza polepole kwa Kichewa ili nielewe. La utoto likitoka halirudishwi. Lakini jino la ukubwa unalishika kwa juu, huugusi mzizi kwa kidole, unalisuuza kidogo tu, unalirudisha kwenye tundu lake papo hapo na mtoto anauma kitambaa. Likikataa kurudi, unalitia kwenye maziwa na kukimbia hospitali. Ndani ya nusu saa, hata saa moja, linaweza kushika tena. Mzizi una ngozi iliyo hai, akasema, na hii imesuguliwa karibu yote, iliyobaki imekauka.

Mungu anisamehe, sikuwaza jino kwanza. Niliwaza kwamba Maombi atajua.

Ndani ya minibasi ya kurudi nikamwambia Kelly, "Bakikuuliza, sema docteur alishindwa. Hata ule Maombi angeshindwa."

Kelly akatoa kitambaa mdomoni. "Hapana, mama. Maziwa ilikuwa ku meza. Alitufundishaka ku kanisa, hata kurudisha jino nilijua."

Nikageuka nikamtazama. "Sasa juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, ungejua njo yeye alinifundisha," akajibu, na damu ikamtoka tena. "Na mi niliogopa we kuliko jino."