Tonge la Pembeni ya Bakuli

Nakumbuka siku niliyokuwa nafunga nguo kwenye leso nitoroke Nairobi, mjukuu wangu, na leo nikikumbuka nacheka, kwa sababu fundo lenyewe lilinishinda. Kila nikilikaza linalegea. Jana ulipotoka kituo cha polisi uliniuliza mbele ya watu, "Shosh, ulijuaje niko hapo ndani, na hao wasee walikuwa wanasema hata hawanijui?" Nikakwambia ule kwanza. Sasa umekula, umeoga, umelala mpaka jua likapanda, na mimi roho yangu imetulia. Nitakujibu.

Nilikuwa mke mchanga. Mimi na babu yako Barasa tulikuwa tumepanga chumba cha udongo kule Makina, Kibera, kwa Bi Halima, mama wa Kinubi aliyezaliwa palepale. Barasa alikuwa seremala, karakana yake iko Laini Saba kando ya reli. Nisikudanganye, stuli zake nyingine zilikuwa zinayumba. Alikuwa pia na tabia aliyotoka nayo kwa mama yake: hakumaliza chakula chote. Tonge la mwisho la ugali alilibonyeza kwa kidole gumba, akaliacha pembeni ya sahani, eti la atakayekuja amechelewa. Nilimcheka sana. Nilimwambia Nairobi hii atakayekuja amechelewa ni panya.

Kosa lake lilikuwa kuwaachia vijana fulani nafasi karakanani jioni wakae wazungumze. Walisema nchi isiwe na chama kimoja tu, na mtu asifungwe kwa kusema anachofikiri. Basi, hayo tu. Siku hizo ukitaka kumtaja mkubwa unatazama nyuma kwanza, hata ukiwa chooni peke yako.

Wakaja makachero wenye makoti mchana kweupe, wakamchukua na vumbi la mbao likiwa bado kichwani. Nilikimbia kituo cha polisi. Askari wa kaunta hakuinua hata macho. "Mama, hatuna mtu kama huyo hapa. Rudi nyumbani." Niliporudi, majirani waliozoea kuniomba chumvi walikuwa wamefunga milango. Shemeji yangu akaja mbio mbio kunishauri niende ushago, kwetu kijijini, ninyamaze mpaka mambo yapoe. Nikaona amesema jambo la maana. Ndipo nikatandika leso.

Bi Halima akaingia bila hodi. Hakuwahi kupiga hodi yule mama, nyumba si yake? Akaangalia mzigo, akaniangalia mimi.

"Unaenda wapi, Nekesa?"

"Nyumbani. Wamesema hayuko."

"Wamesema. Na wewe ukienda, kesho nani atamuulizia? Hawa watu hawamwogopi aliye ndani. Wanamwogopa anayekuja kumuulizia. Wakiona hana mtu, watamfanya wanavyotaka." Akalivuta lile fundo langu, likafunguka lote. "Mume wako ana njaa. Washa jiko."

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwona mzee asiye na huruma hata kidogo. Lakini nilisonga ugali, nikapika mboga ya sukuma na vidagaa vya omena, naye amesimama pale ananifundisha. "Usiulize kama yuko. Ukiuliza watasema hayuko, na utakuwa huna la kuongeza. Sema umeleta chakula cha Barasa, kisha ukae. Na huyo wa kaunta achana naye. Mtafute anayewapelekea mahabusu maji."

Nikafanya hivyo. Wa kaunta alinifokea mpaka mate yakanifikia. Nikamwambia, "Ni chakula tu, afande," nikatoka nikakaa chini ya ukuta na bakuli langu mapajani. Jua lilinichoma. Nilitaka kuondoka, nikaogopa kumkuta Bi Halima nyumbani kuliko nilivyomwogopa afande. Mwishowe askari mmoja wa makamo akapita na ndoo ya maji. Akanitazama, akatazama bakuli, akalichukua, akaingia nalo ndani. Sikujua kama anampelekea mume wangu au anaenda kula mwenyewe.

Lilirudi alasiri. Nilifunua nikakuta sukuma imeisha, omena imeisha, ugali umeisha. Pembeni kumebaki tonge moja dogo, limebonyezwa kwa kidole gumba.

Mwanangu, nililia palepale kwa furaha. Yuko hai. Yuko hapa. Mkono wake bado unafanya kazi. Nikarudi kaunta na bakuli langu, sina woga tena, nikasema, "Barasa yumo humu. Amekula chakula changu sasa hivi." Kuanzia hapo nilikwenda kila siku, na Bi Halima akaja na wanawake wa Makina, kila mmoja na bakuli la mtu wake au la mtu wa jirani. Askari wakachoka kutufukuza. Mwishowe walimfikisha Barasa mahakamani, akaachiliwa. Alirudi amekonda, kucha mbili za miguu hakurudi nazo, na hakupenda kuulizwa habari hiyo mpaka alipokufa mzee, kwenye kitanda chake, hapa Kawangware. Na tonge lake akaendelea kuliacha. Mimi nami nikaanza.

Kwa hiyo ulipochukuliwa juzi kule sokoni na watu waliofunika nyuso, nawe kwa kusema unachofikiri, marafiki zako wakaja kwangu wakihema. "Shosh, tuposti picha yake?" Nikawaambia waposti, ni vizuri, na mimi nikawasha jiko. Kijana wa kaunta, kituo cha karibu na soko, alikuwa mdogo kuliko mama yako, simu iko mkononi. "Huyo hatuna, mathe." Nikamwambia, "Sijauliza, mwanangu. Nimeleta chakula." Nikakaa mpaka wakalipeleka ndani, na bakuli liliporudi nikalifunua. Ulikuwa umeacha tonge. Wewe unajua tu kwamba kwetu tunakula hivyo, hujawahi kuuliza ni kwa nini. Nikampigia wakili, nikamwambia yumo, aje haraka wasimhamishe.

Basi shika nasaha yangu. Mtu wako akichukuliwa usikimbie, na usikubali kuambiwa hayuko. Litaje jina lake kwa sauti, uwe na watu, urudi kesho na kesho kutwa. Fanya hivyo hata kwa jirani ambaye hamsalimiani. Wala usimchukie kila aliyevaa sare. Yule wa ndoo sikuwahi kumjua jina, lakini namwombea mpaka leo. Hasira uliyorudi nayo una haki nayo, ila isikuzuie kula.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi. Akupe mdomo usioogopa na maisha marefu ya kuutumia. Usikose kamwe mtu wa kukuulizia, na wewe usichoke kuwaulizia wengine.

Haya, vaa viatu. Mama Kevo wa ploti ya nyuma mwanawe naye alichukuliwa, hajarudi bado, na tangu asubuhi amekaa mlangoni na mzigo wa nguo. Nimeshasonga ugali. Beba bakuli, twende tukamfungulie hilo fundo.