Askari wa Kona ya Nambis

Mwenyekiti wa kijiji aliponiambia, "Mama Bura, lipa faini yaishe, funguo za Landrova mpe shemeji yako," nilipiga meza chai yake ikamwagikia kaptula. Sikuwa na wazimu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, niliyesoma hadi kidato cha nne, nisiyetishwa na kivuli.

Kijiji chetu cha ujamaa kilipewa Landrova ya zahanati, na mwenye leseni ni mimi peke yangu. Hilo liliwakaa wanaume kooni.

Jioni ile nilitoka hospitali ya Haydom kupeleka mgonjwa, mwanangu kalala kikapuni kando yangu, ukungu umeshuka. Gia ya tatu mbovu, naenda na ya pili, gari linalia kama punda. Hapo kuna mwendo kasi? Kwenye kona ya Nambis nikahisi mtu dirishani. Kugeuka, naona mzee: tarbushi nyekundu, kaptula pana, miguu kama ya korongo, anakimbia sambamba na gari. Anaandika huku anakimbia, wala hahemi! Niamini, barabara ilikuwa tope tupu, na miguu yake misafi.

Nikakanyaga breki. Ungefanya nini wewe?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Maili ishirini na mbili. Mwisho hapa kumi na tano. Bwana Shauri hataki ng'ombe watishwe."

"Baba, yule mkoloni Bwana Shauri alisharudi kwao Ulaya. Tuna Uhuru."

"Aliondoka kwa ruhusa ya nani?"

Akanipa karatasi ya faini, baridi kama jiwe la mtoni, akaishia kwenye ukungu.

Nilipomsimulia mama mkwe, alicheka hadi akakaa chini. "Miguu kama ya korongo? Huyo ni baba mdogo wa mume wangu, askari wa mkoloni! Alimkamata hata mama yake mzazi, eti mbuzi wake wamevuka barabara vibaya."

Kisha akanikumbusha jambo. Mzee alizikwa kwenye boma letu la zamani, na barabara mpya imepita papo hapo. Kwetu ukihama boma unawaaga waliolala pale, unawamwagia pombe kidogo, unawaambia unakokwenda. Lakini operesheni ya vijiji ilitupakia kwenye lori asubuhi moja, sisi na kuku wetu. Nani alimuaga mzee? Hakuna.

Yote hayo nilimweleza mwenyekiti, nikamwonyesha karatasi yenye kichwa cha Mfalme wa Uingereza. Akaigeuzageuza. "Muhuri upo," akasema. "Serikali ni serikali." Ndipo akataja faini na funguo, chai ikamwagika.

Usiku sikulala. Nikilipa, nimekiri, na funguo anachukua shemeji asiyejua hata kurudisha gari nyuma. Wajawazito watafikaje Haydom? Nikipinga, nitaitwa kichaa. Nikaona bora kichaa mwenye funguo.

Mpaka leo nikifika kona ile nasimama, nasalimia, ndipo napita. Nawe unayehama, usithubutu kuondoka kimya kimya. Na hiki ndicho nilichowasilisha kwa Katibu Kata:

"Mimi, dereva wa zahanati, napinga kosa la mwendo kasi. Nailalamikia serikali ya kijiji kwa kuhamisha walio hai bila kumuaga marehemu aliye zamuni. Naomba mwenyekiti aende konani mwenyewe na debe la pombe, atoe shikamoo, amwambie askari kwamba Uhuru umepatikana na zamu yake imekwisha. Akiogopa kwenda, basi funguo zibaki kwa anayepita pale kila siku."