Taya Lililofuatwa Nyumbani

Enzi zetu sisi tuliokulia chini ya vilima vya Mbololo, hakuna aliyelipa kiingilio kuona ndovu. Tulipanda jiwe nyuma ya shule, hindi la kuchoma mkononi, tukawatazama wakivuka korongo, jike mzee mbele na ndama katikati. Vijana wa leo humpiga ndovu picha kumi, ukiwauliza alikuwa dume au jike wanakodoa macho.

Mwaka wa ukame jike mmoja mzee alifia karibu na shamba letu. Ilipobaki mifupa mitupu, baba aliokota taya, akaliosha, akaliweka uani liwe kiti chake. Tuliringa nacho! Watoto wa jirani walipanga foleni wakikalie.

Mvua zikarudi, mahindi yakabeba. Jioni moja, jua halijatua, ndovu saba walikatiza shambani. Hawakula, waliyakanyaga tu wakija uani. Tulijifungia ndani, nikachungulia dirishani. Walilizunguka lile taya, wakawa wanalipapasa kwa mikonga, mmoja baada ya mwingine, kimya. Niliogopa, kisha nikaona haya, kama mtu aliyeingia matangani akicheka.

Kesho yake walirudi. Nusu ya mahindi ikawa chini, na hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima.

Baba alianza kutafuta pilipili za kuchoma ili moshi uwafukuze. Nyanya, mama yake, akamzuia. Zamani sisi Wadawida tulifukua mafuvu ya wazee wetu tukayatunza pangoni, na nyanya aliyaona akiwa mtoto.

"Hawa wamefuata mtu wao," alimwambia. "Hiyo mfupa rudisha, na uombe msamaha."

Baba, mzee wa kanisa, alifura. Amwombe ndovu msamaha? Lakini asubuhi alilibeba taya begani, nami nikamfuata hadi penye mifupa mingine. Akalitua, akavua kofia, midomo ikacheza. Sikusikia alichosema. Ndovu hawakuja tena uani, na mahindi yaliyosalia tuliyavuna.

Siku hizi kuna ua wa umeme. Ndovu nawaona kupitia dirisha la treni, na wanangu hawainui macho kutoka kwenye simu. Nawagombeza, halafu nanyamaza. Baba tulimzika kule Mbololo. Kila Desemba treni inatupitisha Voi, stesheni ya karibu na kwetu, tukielekea Mombasa, na huu ni mwaka wa sita sijashuka hata kuligusa kaburi lake.