Laptop ya kurithi ilinifanya nionekane sijui kazi, na mama wa watu akaitwa mwongo

Wakuu, nawasalimu wote humu. Nina hasira, mnivumilie nikiandika ovyo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Mwanza, sijaongeza chumvi.

Mimi ni dada wa coding, naandika program kwa lugha ya Ruby, bado niko kwenye probation, sijathibitishwa kazini. Kaofisi ketu tunatengeneza system ya tiketi za boti ya Nansio, kule Ukerewe.

Nilipoanza nilipewa laptop aliyokuwa anatumia Deus, senior wetu. Haikufutwa kitu. Ndiyo kawaida yetu, laptop unairithi kama sufuria, na masizi yake.

Sasa juzi akapiga simu mama mmoja. Alikuwa anawahi mazishi ya mdogo wake Ukerewe. Kafika kwenye boti, kiti chake kina mtu mwenye tiketi ya kiti hichohicho. Boti imejaa, wakamshusha. Mdogo wake akazikwa yeye yuko huku.

Bosi akaniambia nitafute kosa, nisipolipata tutaongea kuhusu kazi yangu.

Nikawasha debugger, ile inayosimamisha program katikati uone inafanya nini. Nikajaribu kuuza kiti kimoja mara mbili kwa mpigo, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikizima debugger, inauza! Nikiwasha, inakuwa malaika.

Deus akapita nyuma yangu: "Dada, Ruby siyo kusuka nywele."

Ofisi ikacheka. Mtu mzima na ndevu zake!

Kibaya zaidi, bosi aliona kwenye screen yangu kiti kinakataliwa, akampigia yule mama hapohapo. "Mama, system yetu haina shida. Wewe ulichelewa boti, usitupakazie." Hakusubiri hata jibu. Iliniuma sana.

Nikajiuliza, hii debugger inaamka na nini?

Nikafungua mafaili yaliyofichwa kwenye home, lile folda kuu la mtumiaji. Hilo hapo, .rdbgrc. Kwa msiolijua, amri unazoandika humo debugger inazitekeleza yenyewe kila ikiwaka, haikuulizi. Ni kitu kizuri, hata mimi sasa nakitumia. Lakini Deus alikuwa ameweka amri ya kuhamishia program kwenye boti ya majaribio, ya kwenye system tu na yenye wakala mmoja, akaiacha humo.

Yaani muda wote nilikuwa nachunguza boti ambayo haipo ziwani!

Nikaifuta ile amri. Kosa likajitokeza papo hapo: wakala wa tiketi wa Mwanza na wa Nansio wakibonyeza kwa pamoja, wote wanapewa kiti kilekile.

Deus: "Aah, hiyo niliiweka zamani, si ungeuliza."

Ningeuliza nini na sijui kama ipo?

Bosi naye: "Basi yameisha, rekebisha tuendelee." Yameisha kwa nani?

Nikampigia mama mwenyewe. Shikamoo mama, tiketi yako ilikuwa halali, kosa ni letu.

Akaitikia: "Marahaba mwanangu. Wewe hukunikosea. Mwambie aliyeniita mwongo anipigie yeye."

Nikamwambia bosi mbele ya wote. Akasema sawa.

Funzo: ukikabidhiwa mashine, angalia kwanza kinachojiwasha humo kabla yako. Na wewe unayekabidhi, ondoka na takataka zako.

Wadau, mngekuwa mimi mngefanyaje? Mafundi wa Ruby mliowahi kuachiwa amri za mtu, tiririkeni. Mnaotaka kuniambia nimshukuru Mungu kazi ipo, piteni tu kimyakimya.

Mpaka naandika hapa bosi hajapiga. Simu yake iko mezani pale, naiona.