Uji wa Mzee Shiundu

Jumapili moja tulikuwa watano sebuleni kwangu hapa Munyaka. Mimi, binti yangu Rose, Mercy mtoto wa Rose, ambaye ndiye mwenye sinema, Mama Chebet jirani yangu tangu nihamie hapa, na Pasta Wafula, ambaye mama yake marehemu Sela tulilima pamoja kule Kimumu. Mercy alitaka niiombee sinema yake kabla ya kuonyeshwa ukumbini mjini.

Sikuiombea.

Mwanangu unayenisikiliza, sinema yenyewe ni ya Shiundu, yule watu walimwita Chui. Siku za mkoloni alivunja maghala ya walowezi akawagawia vibarua mahindi. Sasa humo ndani wamemweka akiwa mzee, ndevu nyeupe, koti refu, amezingirwa msituni. Anainua bunduki kwa mkono mmoja, anaangusha askari sita, halafu anakufa amesimama. Mama Chebet akapiga makofi.

"Mercy," nikasema, "nilikaa na wewe siku tatu nikikueleza vile huyu mzee alikufa. Ukaandika kwa daftari. Iko wapi?"

"Kukhu, nyanya yangu, usikasirike. Mzee akinywa uji haina stimu. Watu watatoka."

"Si watoke! Na mama yangu Nafula yuko wapi?"

"Sikupata nafasi yake."

Hakupata nafasi! Askari sita wamepata nafasi. Hata farasi amepata nafasi, na Shiundu hakupanda farasi maisha yake yote.

Basi nikamwambia ambacho hakimo kwenye daftari lake, na wewe nakwambia. Ni asubuhi moja, nina miaka kumi na miwili. Shiundu alikuwa amezeeka bila mke wala mtoto, na kila asubuhi alikuja kwetu kunywa uji. Mikono yake ilitetemeka sana hata kikombe hakuweza kushika. Mama ndiye alimshikia. Siku hiyo mama alienda kuteka maji, akaniachia hiyo kazi.

Mimi na rafiki yangu Jerotich tulikuwa tumejaa hadithi za Chui, tukataka kumwona huyo Chui. Nikaweka kikombe mbali naye, nikampa mwiko wa ugali. "Kwanza utuonyeshe vile ulikuwa ukishika bunduki."

Akatikisa kichwa.

"Basi hakuna uji."

Mwanangu, alikuwa na njaa. Aliuinua ule mwiko, ukamchezacheza mikononi, ukaanguka kwenye majivu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Kumbe mama yuko mlangoni, debe la maji kichwani. Hakunichapa, na afadhali angenichapa. Aliokota mwiko, akaupangusa kwa leso yake, kisha akasema, "Huyu alileta mahindi hapa mlangoni wakati baba yako amefungwa, na ndugu zako wanalia njaa. Hakuniambia nimchezee kwanza ndio anipe. Shika kikombe."

Nikashika. Uji ulikuwa umepoa, na aliunywa wote bila kuniangalia. Tangu hapo nilimshikia kila asubuhi, mpaka ile aliyomeza mara mbili tu akalala kwenye mkeka wetu, asiamke. Hakukuwa na msitu wala askari. Tulikuwa mama na mimi.

"Sasa wewe Mercy," nikamalizia, "umemrudishia mzee mwiko. Mimi nilikuwa mtoto. Wewe una digrii!"

Akafunga kompyuta yake. Mpaka leo Mercy hajaniambia kama atabadilisha, na mimi mpaka leo sijaiombea sinema yake.

Mwanangu, sikia. Usimnyime mzee heshima mpaka akuchezee ujana wake. Ukisimulia ushujaa wa mtu, simulia na siku mikono ilimshinda, na umtaje kwa jina aliyemlisha. Ukimwacha huyo nje ili watu wapige makofi, umeiba, hata kama umeiba vizuri.

Mungu akuzeeshe salama. Na mikono yako ikianza kutetemeka, akupe mtu wa kukushikia kikombe bila kukuuliza ulikuwa nani.

Kama nimekosea mahali, nisahihisheni. Labda aliyecheka na mimi hakuwa Jerotich, alikuwa dada yake Jepkoech. Aliye hai aseme. Lakini aliyepika ule uji aliitwa Nafula. Hilo msiniguse.