Rauta Mbili Katika Kibanja Kimoja

Violeth Rutaihwa hakuwa mtu wa kulilia mashine. Mume wake Aristides alipofariki alilia, tena sana, na Nyanga nzima ilimwona. Lakini asubuhi ile, mbele ya kompyuta, machozi yalimlengalenga kwa hasira tupu. Saa nne alitakiwa kutetea utafiti wake wa shahada kwa video, mbele ya walimu walioko Dar es Salaam, na intaneti ilikuwa imegoma.

Msiniulize kwa nini hakutumia simu. Simu janja yake ilitumbukia kwenye beseni la nguo, akabaki na kitochi cha kupokelea habari za misiba. Wala msiniulize kwa nini hakuomba siku nyingine. Alishaahirisha mara mbili, ya kwanza akimuuguza mume, ya pili akimzika, na chuo kilimwambia wazi kwamba safari hii asipoonekana jina lake linafutwa. Mwanamke aliyesoma huku akipalilia kahawa, akazunguka kwa wakulima hadi Buganguzi kule Muleba kuchunguza migomba iliyonyauka, leo afutwe na waya? Thubutu!

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya marehemu. Violeth aliiwekea Linux kwa mikono yake, mfumo ule wa bure, baada ya fundi wa mjini kumshauri aitupe. Kwa hiyo tabia zake alizijua. Akapangusa macho, akaanza kazi.

Taa ya waya ilikuwa inawaka. Kompyuta ilidai imeunganishwa, ila hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Sasa, kompyuta ikiwashwa huwa inapiga hodi kwenye mtandao: jamani, nipeni anwani yangu, na mnionyeshe mlango wa kutokea. Rauta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ndiyo mwenye nyumba. Huijibu, huipa anwani, huielekeza njia, na mambo yote haya hufanyika bila mtu kugusa kitu. Violeth akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaitazama anwani ambayo kompyuta imepewa. Siku zote ilianza na 192.168.1. Leo ilianza na 192.168.0.

"We, hii umepewa na nani?" akaiuliza kwa sauti, kama anavyoulizwa mtoto aliyerudi nyumbani na muwa wa watu.

Akaiamuru iachie anwani hiyo iombe nyingine. Ikaachia, ikaomba, ikarudi na ileile. Akaizima, akaiwasha. Ileile! Akapekua kumbukumbu za mfumo kuona ni nani anayejibu, na hapo akaelewa. Aliyejibu hakuwa rauta ya Aristides. Alikuwa mwingine kabisa, anagawa anwani kwa ukarimu wote, lakini mlango aliouonyesha haukwenda popote.

"Kahigi," akasema Violeth.

Kahigi ni mdogo wa Aristides. Miaka mingi alikuwa Buganguzi na biashara yake ndogo, na juzi tu alirudi na mizigo yote akaingia nyumba kubwa ya barabarani. Ndani ya nyumba hiyo ndimo Aristides alimofunga rauta, karibu na nguzo ya kampuni, kisha akapitisha waya chini ya migomba ya kibanja, yaani shamba la ukoo, hadi nyumba ya nyuma anamoishi Violeth. Tangu mazishi watu walikuwa wakimnong'oneza: mjane, mwangalie sana shemeji yako, kibanja kina wenyewe. Hakutaka kuyaamini maneno hayo. Sasa akayaamini yote kwa mkupuo.

Akakatiza migomba mbiombio, majani yakimmwagia maji ya mvua kwenye blauzi aliyoipigia pasi kwa ajili ya mtihani. Kahigi alikuwa barazani anatafuna kahawa. Alipomwona akanyanyua kikapu kidogo cha buni akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Karibu shemeji, pata kamwani."

"Sitaki kahawa yako!"

Nyumba ya Mhaya, mtu hakatai kahawa hivyo. Mikono ya Kahigi ikabaki hewani.

"Kama unataka kibanja, kaseme mbele ya ukoo," Violeth akafoka. "Usinikatie intaneti kimyakimya siku ya mtihani wangu!"

"Kibanja? Waitu, shemeji, umeota nini?"

"Humo ndani umechomeka kitu gani?"

"Si karauta kangu tu ka mtumba, nimekatoa Muleba. Chumba cha nyuma mtandao haukufika, jana jioni nikakaunga kwenye ile ya kaka."

Wakaingia. Pale ukutani rauta mbili zilikuwa zinakonyeza taa, na Violeth aliuona ugonjwa kwa jicho moja. Rauta ya Kahigi ilikuwa na matundu manne ya njano yaliyopangana, na moja la bluu lililojitenga. Waya uliotoka kwenye rauta ya Aristides ulikuwa umeingizwa kwenye tundu la njano. Ndiyo maana karauta kale kalijiona mwenye nyumba, kakawa kanamjibu kila anayepiga hodi kwenye waya, na kwa kompyuta ya Violeth kalimtangulia mwenye nyumba halisi.

"Nani alikwambia uchomeke hapa?"

"Muuzaji alisema la bluu ni la waya wa watu wa nje, haya manne ni ya watu wa nyumbani. Sasa waya huu unatoka kwenye ya kaka, ileile inayokulisha wewe." Kahigi alimtazama kama anayemshangaa. "Kwako wewe ni nje? Nikuweke kwa watu wa nje, halafu kaka nitamwambia nini?"

Violeth alitaka kucheka, kikatoka kilio. Aibu ilimvaa mwili mzima, na furaha ikaja juu ya aibu.

"Nisamehe, shemeji. Nimekuwazia mabaya. Lakini mashine hazijui undugu, tuuhamishe waya." Akauchomoa, akauingiza kwenye tundu la bluu. Kisha akachota buni kikapuni, akatia mdomoni, akatoka mbio.

Nyumbani aliiamuru kompyuta iombe anwani upya. Ikafikiri kidogo. 192.168.1! Ukurasa wa chuo ukafunguka wote. "Haya sasa!" akapiga meza, na nyuso za walimu zikajitokeza.

"Tunakusikia, Bi Violeth. Anza."

Akaanza. Walipomwuliza ana hakika gani kwamba wakulima huunguza panga kwa moto kuua ugonjwa kabla ya kukata mgomba mwingine, aliwaeleza nani anafanya, nani anasahau, na mnyauko uliingia kwa nani, mpaka mwalimu mmoja akaacha kuandika akabaki kusikiliza. Wakamtoa wajadiliane, wakamrudisha.

"Hongera. Umefaulu."

Kabla hajashukuru, mtu aliruka nje. Alikuwa Kahigi, aliyemfuata mbio, na muda wote alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha akiulinda waya usije ukavutwa na mbuzi. Hakungoja ruhusa. Alikatiza migomba akielekea barabarani, anapaza sauti kwa nguvu zote:

"Njooni! Mke wetu amefaulu! Kibanja chetu kina msomi!"

Vigelegele vikaanza nyumba ya jirani, vikapokewa ya pili yake.

"Bi Violeth, kuna nini huko?" mwalimu akauliza.

"Ni watu wa kwetu, mwalimu," akajibu, akainuka kwenda kuwafungulia mlango.